Gita la pikapu tatu: namba 2 sauti inazama, namba 1 inapasua. Nianze kupima wapi?

SoloKizota

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaojua umeme wa gita wanisaidie hapa.

Gita ni la umbo la Stratocaster, si la kampuni kubwa. Lilikuja na pikapu tatu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja. Ya darajani ikatolewa, ikawekwa hambaka (pikapu ya koili mbili) ya sumaku ya seramiki yenye waya nne za rangi na mmoja mtupu. Kazi ilifanywa na fundi redio hapa mjini. Swichi ni ya nafasi tano, poti (rezista ya kuzungusha) ya volyumu ohm 250k, za toni mbili 250k, kapasita 0.047.

Volyumu na toni zikiwa 10, hali iko hivi:

Namba 1 (hambaka peke yake): kubwa mno, inapasua.
Namba 2 (hambaka na ya kati): inazama, besi haipo kabisa, kama sauti ya kwenye simu.
Namba 3 (ya kati): kawaida.
Namba 4 (ya kati na ya shingoni): nzuri, na mvumo wa umeme unapungua.
Namba 5 (ya shingoni): nzuri, nono.

Kuna jambo la pili. Kwenye ampu ya mazoezi namba 1 ndiyo inayofunika zote. Jumapili likichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisani, namba 1 inakuwa nzito, imefifia, na namba 4 inasikika vizuri kuliko hiyo. Gita lile lile, waya ule ule.

Nimeambiwa nibadilishe poti ziwe 500k, wengine wanasema ninunue hambaka nyingine. Kabla sijaagiza kitu Dar, nipime nini kwanza? Multimita ya digitali ninayo, chuma cha kulehemu cha wati 40 kipo.

Natanguliza shukrani.

Ridhimu_Kongwa

Mkuu hapo ni poti. Hambaka inataka 500k, ukiiweka kwenye 250k umeikaba. Weka 500k zote tatu na namba 2 itafunguka.

WayaNaSumaku

Kaka wa Kongwa, kwamba hambaka hupewa 500k ni kweli, ila dalili alizotaja haziletwi na poti. Hambaka ya 15k ikikutana na poti ya 250k inapoteza kama nusu desibeli tu ya ukubwa wa sauti. Kinachoondoka zaidi ni ukali wa juu, zile trebo za mwisho. Yeye analalamika besi imekimbia. Poti ndogo haili besi. Na kingine, akiweka 500k zile pikapu mbili za koili moja zitakuwa kali hadi ziumize masikio, atakuwa ametoka kwenye shida moja kaingia nyingine.

SoloKizota, usifungue gita bado. Kipimo cha kwanza kinafanyika kwenye jeki. Chomeka waya wa gita, upande wa pili uache wazi. Multimita iwe kwenye ohm, kipimo cha 20k. Ncha moja iguse kichwa cha plagi, nyingine iguse shina lake. Volyumu iwe 10 kamili, maana ikirudi hata kidogo unapima poti badala ya pikapu. Toni iwe popote, kapasita haipitishi mkondo wa DC.

Pitisha swichi nafasi zote tano, andika kila namba. Ukiwa kwenye kila nafasi, itikise swichi kidogo kwa kidole. Namba ikirukaruka, swichi ina vumbi au ulimi wake umelegea, na hilo Dodoma hii ya kiangazi halikosekani.

Namba zenyewe zinasomeka hivi. Pikapu ya koili moja huwa kati ya 5.5k na 6.5k. Hambaka ya kawaida 7.5k hadi 8.5k, zile kali za seramiki 13k hadi 16k. Pikapu mbili zikiwaka pamoja kwenye gita la aina hii zinaungwa sambamba, kwa hiyo namba lazima ishuke chini ya ile ndogo kati ya hizo mbili. Ukipata namba 2 au 4 inayolingana na pikapu moja peke yake, nyingine haijaingia: ama ulimi wa swichi haugusi, ama lehemu imeachia. Ukipata "1" iliyokaa kushoto mwa kioo, koili imekatika na unachopima ni poti. Koili iliyokatika bado inaweza kutoa sauti nyembamba sana, ndiyo maana masikio peke yake hayatoshi.

Lete namba tuzione.

SoloKizota

Nimepima mkuu. Swichi nimeitikisa, namba hazirukiruki.

1: 14.06
2: 4.21
3: 5.86
4: 2.94
5: 5.76

WayaNaSumaku

Safi sana, hizo namba zinajieleza zenyewe. Ondoa athari ya poti ya 250k utapata hambaka 14.9k, ya kati 6.0k, ya shingoni 5.9k. Sasa fanya hesabu ya sambamba kwa namba 2: 14.9 mara 6.0, gawanya kwa 20.9, unapata 4.28k. Ukiiweka na poti inakuwa 4.21, ambayo ndiyo uliyosoma. Namba 4 nayo inakubali vile vile.

Maana yake hakuna waya uliokatika, hakuna koili iliyokufa, swichi inafanya kazi, na kwenye namba 2 pikapu zote mbili zimeingia. Zimeingia lakini zinavutana. Fezi ya hambaka imegeuka ukilinganisha na zile mbili. Uzi ukitetemeka, moja inasukuma umeme mbele wakati nyingine inavuta nyuma. Besi ndiyo inafutika kwanza kwa sababu kwenye noti za chini uzi unatembea upande mmoja juu ya pikapu zote mbili, kwa hiyo zinafutana karibu kabisa. Trebo inabaki kwa sababu mawimbi yake ni mafupi, hayafiki kwenye pikapu mbili yakiwa na umbo moja.

Ohm haziwezi kukuonyesha fezi. Koili ukiigeuza waya inasoma namba ile ile.

Kipimo cha fezi: waya uache pale pale kwenye jeki. Multimita iweke kwenye milivolti 200 za DC, ncha nyekundu kichwa cha plagi, nyeusi shina. Swichi iwe namba 3. Chukua bisibisi ya chuma, ilaze juu ya vichwa vya pikapu ya kati mpaka ishikwe na sumaku, tulia, kisha ing'oe kwa haraka. Angalia alama inayotokea wakati wa kung'oa: ni chanya au ni hasi. Rudia mpaka uwe na uhakika, kwa sababu mita za digitali ni nzito na zinaweza kuikosa. Halafu fanya hivyo hivyo namba 5 kwa pikapu ya shingoni, na namba 1 kwa hambaka. Kwa hambaka gusa safu moja tu ya vichwa, usilaze bisibisi ikaziunganisha safu zote mbili. Zote tatu zinatakiwa kutoa alama moja. Itakayotofautiana ndiyo iliyogeuka.

Ukimpata fundi mwenye mita ya mshale ya zamani, ni bora zaidi. Mshale unaonekana ukiruka kulia au kushoto bila wasiwasi. Iweke kwenye mikroampea 50 au volti 0.1 ya DC.

FundiNyaya_Dom

Naunga mkono. Nyongeza kwa watakaosoma huu uzi wakiwa na gita la koili moja tatu, bila hambaka. Mvumo wa umeme unakupa jibu kabla hata ya kushika mita, sikiliza namba 2 au 4.

Sauti nono na mvumo unapungua: kila kitu kiko sawa, pikapu ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake ni kinyume, kama inavyotakiwa.

Sauti nono lakini mvumo uko pale pale: fezi ni sahihi, ila pikapu ya kati ni ya aina moja na wenzake. Si ubovu.

Sauti nyembamba na mvumo uko pale pale: pikapu ya kati ni ya kinyume kweli, lakini waya zake zimebadilishana. Zigeuze, utapata sauti na utulivu kwa pamoja.

Sauti nyembamba na mvumo umepotea: hapa watu wengi hukosea. Pikapu ni za aina moja na waya wa moja umegeuzwa. Ukirudisha waya, sauti inarudi lakini na mvumo unarudi. Ukitaka vyote viwili, waya ziache zilivyo, geuza sumaku. Kwa pikapu za bei nafuu za seramiki inawezekana: chini yake kuna bamba la sumaku lililogandishwa kwa gundi. Lipashe moto taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele, litoe, ligeuze lililokuwa juu liwe chini, ligandishe tena. Zikiwa bamba mbili, zote mbili zigeuzwe. Kwa pikapu za alniko, ambazo vichwa vyenyewe ndivyo sumaku, usijaribu kusukuma vichwa vitoke. Waya wa koili umezungushwa juu yake moja kwa moja na unene wake ni kama milimita 0.06. Ukisukuma kichwa kimoja tu umeimaliza.

Kujua sumaku inaangalia wapi tumia dira ndogo. Dira ya simu inafanya kazi pia, ila sumaku ikiisogelea sana inachanganyikiwa na inabidi uirekebishe.

SoloKizota

Nimepima fezi. Kati: chanya. Shingoni: chanya. Hambaka: hasi, kila mara.

Ndani waya za hambaka ni nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi na ule mtupu. Nyeusi na nyeupe zimeunganishwa pamoja zikafungwa tepu. Nyekundu imeenda chini (ethi) pamoja na waya mtupu, kijani imeenda kwenye swichi.

WayaNaSumaku

Ndiyo hiyo. Kwa DiMarzio nyekundu ndiyo waya wa sauti, nyeusi na nyeupe zinaunganishwa, kijani inaenda ethi. Kwa Seymour Duncan nyeusi ndiyo ya sauti, nyeupe na nyekundu zinaunganishwa, kijani na mtupu zinaenda ethi. Viwanda vingine vina mpangilio wao, kwa hiyo usimwamini mtu anayekupa rangi bila kujua pikapu imetoka wapi. Hata ikiwa fundi wako alifuata mchoro sahihi wa hiyo pikapu, zile mbili za zamani zinaweza kuwa ndizo zenye mwelekeo wa kinyume. Kinachotakiwa ni zote tatu zikubaliane, na rahisi ni kugeuza moja kuliko mbili.

Cha kufanya: nyeusi na nyeupe usiziguse, hizo ndizo zinazounganisha koili mbili za hambaka. Badilishana nyekundu na kijani tu. Nyekundu iende kwenye swichi, kijani iende ethi nyuma ya poti. Waya mtupu unabaki ethi, hauhami, maana umeshikana na bamba la chuma la chini. Ukiupeleka kwenye swichi, pikapu nzima itakuwa inavuma kila ukiigusa.

Kazi yenyewe haina mambo mengi, ila kuna sehemu mbili zinazoharibu. Legeza nyuzi kwanza. Kama daraja ni la kuelea, weka kipande cha mbao nyuma yake kabla ya kulegeza, springi zisiling'oe. Fungua skrubu za bamba la mbele, mara nyingi ni 11, lipindue taratibu juu ya kitambaa ukiangalia waya mbili za jeki na ule wa ethi unaotoka kwenye springi.

Sehemu ya kwanza ya kuharibu ni nyuma ya poti. Ni chuma kinene, kinakunywa joto. Wati 40 inatosha ukiiacha ipate moto sawasawa na ncha ikiwa safi na pana. Ikwaruze kidogo mahali pa kulehemu, pasha chuma, halafu ndipo ulete risasi iyeyuke juu ya chuma chenyewe, si juu ya ncha. Lehemu iking'aa na kutambaa iko sawa. Ikikaa kama tone lililovimba, rangi ya kijivu, haijashika, na baada ya muda utarudi hapa ukisema namba 1 inakatakata. Tumia risasi ya 60/40 yenye dawa ndani. Dawa ya bati ya wachomeleaji wa mabomba usiilete karibu, ina asidi na inakula waya.

Sehemu ya pili ni swichi. Hapo sekunde 2 au 3 tu kwa kila mguu. Swichi za kisanduku za bei nafuu zina plastiki laini ndani, ukikawia ulimi unazama na utanunua swichi mpya.

Ukimaliza, kabla ya kufunga bamba, rudia kipimo cha bisibisi kupitia jeki. Zote tatu chanya ndipo ufunge.

Kwa wenye hambaka ya waya mmoja uliozungukwa na wavu wa chuma: ninyi hamwezi kubadilishana, kwa sababu wavu umeshikana na mwili wa pikapu. Hapo ama mgeuze sumaku ya hambaka, ama mgeuze waya za pikapu zile mbili zote. Mkigeuza moja tu mtahamishia tatizo namba 4. Na pikapu ya shingoni ya Telecaster yenye kofia ya chuma, kwanza tenganisha kofia na waya wa ethi wa koili, ipe waya wake, ndipo ugeuze.

MitamboMakole

Nijibu lile la mikisa, maana huku ndiko kazi yangu ya kila Jumapili ilipo na naona waimbaji wengi wanalaumu gita bure.

Gita lisilo na betri linataka kuchomekwa kwenye kitu chenye ukinzani mkubwa, kama ohm milioni 1. Ampu ya gita iko hivyo. Tundu la LINE kwenye mikisa ni ohm elfu 10 hadi 20 kwa mikisa nyingi, na la MIC ni kama elfu 2 tu. Gita likiingia hapo linabanwa, na linabanwa kwa kiasi tofauti kila ukibadilisha nafasi ya swichi, kwa sababu kila nafasi ina ukinzani wake.

Chukua namba alizotoa mwenyewe. Tuseme hambaka inatoa mara mbili ya pikapu moja: hambaka 2, namba 4 inatoa 1. Tundu liwe la 10k. Hambaka ya 14.06k inabakiwa na 10 gawanya kwa 24.06, yaani 0.42 ya nguvu zake, ambayo ni 0.83. Namba 4 yenye 2.94k inabakiwa na 0.77. Zilikuwa 2 kwa 1, sasa ziko karibu sawa. Tena hiyo ni hesabu ya DC tu. Koili kadiri noti inavyopanda ndivyo inavyozidi kukinza, kwa hiyo hambaka ya mizunguko mingi inapoteza trebo kuliko zote. Ndiyo maana unaisikia nzito na imefifia. Ukiingia kwenye tundu la MIC ndiyo kabisa: hambaka inabaki 0.25, namba 4 inabaki 0.40.

Kwa hiyo usirekebishe chochote kwenye gita ukisikilizia kwenye mikisa. Utashusha na kupandisha pikapu mpaka kesho.

Dawa: angalia kama mikisa ina kitufe kilichoandikwa Hi-Z au INST, mara nyingi kiko chaneli ya kwanza au ya pili, kibonyeze. Kama hakipo, tumia boksi la DI (kiunganishi cha gita na mikisa) linalotumia umeme, uwashe volti 48 za mikisa. Au weka pedali yenye bafa (saketi inayozuia gita lisibanwe) kabla ya mikisa, mfano za Boss kama ile ya kutuni ya TU-3, hata ikiwa imezimwa kwa mguu, mradi ina betri au adapta ya volti 9. Pedali ambazo zikizimwa zinapitisha waya moja kwa moja hazikusaidii hapo.

Kwaya_Manyoni

Samahani naingilia, swali la jirani. Gita langu lina hambaka mbili, volyumu mbili, toni mbili, swichi ya nafasi tatu. Swichi ikiwa katikati, nikifunga volyumu moja zote mbili zinazima. Na katikati mara nyingine sauti ni ndogo kuliko pembeni. Ni fezi?

FundiNyaya_Dom

Hapana, ni mpangilio wa kawaida wa magita ya umbo la Les Paul. Mguu wa kati wa poti ndio unaoenda kwenye swichi, kwa hiyo ukiifunga volyumu moja unakuwa umeunganisha njia yote na ethi. Ukitaka zijitegemee, badilishana waya: pikapu iende mguu wa kati, swichi iende mguu wa pembeni ambao pikapu ilikuwepo. Ubaya wake, ukirudisha volyumu kidogo trebo inashuka haraka. Wengi wanabaki na mpangilio wa mwanzo. Kuhusu sauti ndogo, hakikisha volyumu zote ziko 10 ukiwa katikati. Moja ikiwa 7, inaivuta chini na nyingine. Kama ziko 10 na besi bado haipo, hapo ndipo ufanye kipimo cha bisibisi.

SoloKizota

Wakuu, kazi imefanyika. Nyekundu na kijani zimebadilishana, bisibisi inatoa chanya zote tatu. Namba 2 besi imerudi, ina ule mlio wa kupendeza. Kwenye mikisa nimetumia pedali yenye bafa, namba 1 imerudi kuwa kali kama kwenye ampu.

Kilichobaki: namba 1 bado ni kubwa sana kuliko nyingine. Nikitoka namba 1 kwenda 2 katikati ya wimbo inasikika kama mtu amepunguza volyumu. Pikapu zote ziko karibu sana na nyuzi, hambaka kama milimita 1.5.

WayaNaSumaku

Hapo sasa huna ubovu, una hambaka kali iliyowekwa pamoja na pikapu za kawaida. Hata fezi ikiwa sahihi, namba 2 haiwezi kufikia namba 1. Pikapu mbili sambamba hazijumlishi nguvu. Zinatoa wastani, na wastani huo unaegemea kwa yule mwenye ukinzani mdogo. Hambaka yako inatoa 2 kupitia 14.9k, ya kati inatoa 1 kupitia 6.0k. Wastani wake unatoka kama 1.29. Kwa hiyo kutoka namba 1 kwenda 2 unashuka kama desibeli 4. Ni hesabu ya makadirio, ila masikio yako yanaikubali.

Namba 2 usiisumbue. Shusha namba 1 ilingane na wenzake.

Anza na urefu wa pikapu, haugharimu kitu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi kichwa cha pikapu. Kadi ya benki isiyo na namba zilizotuna ina unene wa milimita 0.76, ukipanga tatu unapata 2.3. Pikapu za shingoni na kati ziweke milimita 2.4 upande wa uzi wa sita na 2.0 upande wa uzi wa kwanza. Hambaka ishushe hadi 3.0, sikiliza, halafu 3.5. Ikishuka inapunguza nguvu na pia inapunguza ule mlio wa kupasua, wengi wanaipenda zaidi hivyo. Skrubu zungusha nusu mzunguko kwa mara moja, pande zote mbili kwa usawa.

Usifanye kinyume, yaani kupandisha zile mbili zifikie hambaka. Kama ni za alniko, zikikaribia chini ya milimita 1.6 sumaku inaanza kuvuta nyuzi. Utasikia uzi wa sita juu ya freti ya 12 unatoa noti mbili zinazoyumba, na hutaweza kutuni hata ukae na daraja siku nzima. Ya shingoni hasa, maana hapo uzi unatembea kwa upana kuliko darajani. Kwa sababu hiyo hiyo pikapu ya shingoni hutoa sauti kubwa kuliko ya darajani zikiwa na mizunguko sawa, na watu huiweka chini zaidi.

Pima kwa ampu safi, bila distoshoni. Distoshoni inabana kila kitu kilingane, utajidanganya. Ukiwa na MitamboMakole karibu, aweke chaneli kwenye PFL (kitufe cha kuipima chaneli hiyo peke yake), upige kodi moja kwa nguvu ile ile kila nafasi, asome taa. Tofauti ya desibeli 2 au 3 kati ya nafasi ni ya kawaida na kwenye bendi haisikiki kama kasoro.

Kama ukishusha hadi 4 na bado, njia ya pili ni kuikata hambaka nusu kwenye namba 2 pekee. Swichi yako ina safu mbili za miguu: moja ya pikapu, nyingine ya toni. Toa toni kwenye safu ya pili, toni moja iunge kwenye volyumu ihudumie pikapu zote. Mguu mkuu wa safu hiyo upeleke ethi. Ule muungano wa nyeusi na nyeupe upeleke kwenye mguu wa kati wa safu hiyo hiyo. Namba 1 utabaki na hambaka nzima. Namba 2 koili moja inazimwa, na kwenye jeki utasoma kama 3.28k. Itashuka kidogo kuliko sasa, lakini italingana na namba 4 kwa ukubwa na kwa tabia.

Ukishafanya hivyo sikiliza mvumo namba 2. Ukipungua, koili iliyobaki ni ya kinyume na ya kati, umemaliza. Ukibaki, mguu mkuu utoe ethi, uupeleke ilipo nyekundu kwenye swichi. Koili nyingine ndiyo itakayobaki, na mvumo utaondoka.

Ridhimu_Kongwa

Mkuu nimeelewa la poti. Sasa mtu akiwa ameshaweka 500k kwa ajili ya hambaka, zile za koili moja anazitulizaje?

WayaNaSumaku

Rezista ya 470k, moja kwa kila pikapu ya koili moja, kutoka mguu wake wa swichi kwenda ethi. Poti ya 500k ikiwa sambamba na 470k, pikapu inaona 242k, na hambaka ikiwa peke yake inaendelea kuona 500k. Robo wati inatosha, maduka ya vifaa vya redio wanazo. Ivalishe mpira wa kusinyaa isije ikagusa mguu wa jirani bamba likifungwa.